Na Taa Ilishikwa na Nani?

Katika miaka yote niliyokaa katika kazi ya ualimu nimehudhuria maonyesho mengi ya michezo ya kuigiza, mengine nikiwa mtazamaji tu, mengine nikiwa mwenyeji wa wageni. Mwisho wa onyesho mambo huenda vile vile. Mgeni rasmi husimama, huwashukuru waigizaji, humsifu yule aliyecheza mfalme au mlevi, huuliza mtunzi ni nani, kisha hutoa zawadi. Sijapata hata siku moja kumsikia mgeni rasmi akiuliza, "Na taa ilishikwa na nani?"

Wala sijapata kumsikia mwalimu akimkumbusha kuuliza. Nami nilikuwa mmoja wa walimu hao walionyamaza. Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba nimekaa kitako kuwasuta watu wengine. Lawama za kurasa hizi zinaanzia kwangu.

Neno langu ni hili, nalo nalisema mapema ili asiyetaka ugomvi afungue sura nyingine. Sanaa ya maonyesho ya kusafiri katika nchi yetu haikosi waigizaji. Watoto wetu huigiza harusi na misiba kabla hawajajua kusoma. Wala haikosi watunzi. Ebrahim Hussein alitupa "Kinjeketile" mwaka 1969, Penina Muhando akatupa "Hatia" mwaka 1972, na baada yao wamekuja wengi. Inachokosa ni heshima kwa kazi ya nyuma ya pazia. Tumeifanya kazi hiyo kuwa jalala la kutupia watu waliobaki: mwenye kigugumizi, mwenye sauti mbaya, aliyechelewa mazoezi, anayetumikia adhabu. Hatuwafundishi, hatuwalipi sawa na wenzao, hatuwataji. Kisha pazia likianguka katikati ya mchezo tunawauliza kwa ukali kwa nini limeanguka.

Kwamba kazi hiyo ni elimu, na elimu nzito, nilijua mapema. Mwaka 1975 nilikuwa mwanachuo wa ualimu katika mkoa huu wa Singida, kijana wa miaka 22. Ulikuwa mwaka wa kampeni ya Chakula ni Uhai, iliyofuata ile ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wazima walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasomewa vijitabu, wakajadiliana. Ukame ulikuwa umetutesa, na vijiji vingi vilikuwa vipya, watu wakiwa wamehamia juzi tu kutoka katika makazi yao ya zamani. Mkufunzi wetu mmoja aliona kwamba redio peke yake haitoshi. Akatunga mchezo juu ya baba aliyeuza mtama wote wa ghalani akanywea pombe. Tukapakiwa katika lori la chuo, tukaenda Iguguno, Kiomboi na Ndago, kisha tukateremka Sekenke hadi Shelui.

Mimi sikuchaguliwa kuigiza. Sauti yangu ilikuwa kama bawaba iliyokosa mafuta. Nikaambiwa niende kwa fundi, nami nikaenda nimenuna. Fundi mwenyewe alikuwa seremala wa chuo, mzee wa Kinyiramba aliyesoma madarasa machache, ambaye sisi wote tulimwita Babu. Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa hili: "Mjukuu wangu, hapa kwetu mgeni rasmi ni upepo. Hufika kabla ya wote, na wala haulizi pa kukaa."

Yeyote anayeijua Singida katika miezi ya Juni hadi Agosti ataelewa. Pazia letu lilikuwa mashuka sita ya bwenini yaliyoshonwa pamoja, na jaribio la kwanza lilipeperuka likataka kuondoka na nguzo zake. Babu akatoa wembe akayachana mashuka yale machano madogo yenye umbo la mwezi mwandamo, hapa moja, pale moja. Mhasibu wa chuo angalimwona angalizimia. Lakini upepo ulipita katika matundu yale ukaenda zake, na pazia likatulia. Katika upindo wa chini akatushonesha kokoto ili liwe zito.

Hivyo ndivyo alivyotufunza jambo baada ya jambo. Karabai mbili zilisimama mbele, kulia na kushoto, kila moja ikiwa ndani ya debe lililokatwa upande mmoja, ili nuru iwaangukie waigizaji isiwachome watazamaji macho. Kando ya kila debe ilikaa ndoo ya mchanga. Karabai haiongezwi mafuta ikiwa ya moto: huzimwa, hutolewa pumzi, huachwa ipoe, ndipo hufunguliwa. Maneno haya alituimbisha kila jioni, hata tulipoanza kumcheka. Ngurumo ilikuwa bati moja lililoning'inizwa kwa kamba. Mvua ilikuwa mtama mkavu ukizungushwa polepole katika ungo. Vifaa vya mchezo vilikuwa 31, kuanzia kinu hadi kibuyu, na Babu hakuruhusu lori liondoke kijijini mpaka vyote 31 vimehesabiwa ndani ya sanduku. Maleba yalipangwa kwa zamu ya kuvaliwa, la kwanza juu, ili mtu abadilishe nguo gizani bila kuuliza. Mmoja wetu alikaa nyuma ya shuka na kibatari, akifuata maandishi kwa kidole, ili mwigizaji akisahau anong'onezwe neno moja tu, si sentensi nzima.

Usiku wa Shelui nguzo moja ilivunjika mchezo ukiwa ndio umeanza. Babu hakusema kitu. Alinishika bega, akanishika na mwenzangu, akatusimamisha kila mmoja upande wake tukashika waya wa pazia kwa mikono miwili juu ya vichwa. Tulisimama hivyo mpaka mwisho. Mikono ilikufa ganzi, jasho likaniingia machoni nisiweze kulipangusa. Upande wa pili nilisikia umati ukicheka, kisha ukinyamaza kwa huzuni, kisha ukipiga makofi. Hakuna aliyejua kwamba nguzo imevunjika. Tangu usiku ule sikununa tena.

Mtu aliyefundwa hivyo, ungedhani naye angaliwafunda wengine hivyo hivyo. La hasha. Cheo kina usahaulifu wake.

Mwaka 1993 nilikuwa mkuu wa shule ya sekondari. Tulikuwa na mchezo juu ya UKIMWI, tukiuzungusha katika vijiji vya tarafa yetu kabla ya kuingia katika mashindano. Kijana mmoja wa kidato cha tatu alikuwa amechelewa shule siku tatu mfululizo, kwa sababu nyumbani kwao walikuwa wakivuna alizeti. Nikamsimamisha mbele ya wenzake nikamwambia, "Wewe utakwenda na kikundi, lakini nyuma. Utabeba masanduku na kuwasha taa mpaka akili ikurudie." Wenzake wakacheka. Nami, Mungu anisamehe, nilitabasamu.

Sikumfundisha lolote. Elimu yote ya Babu nilikuwa nayo kichwani, nikaona si kazi ya mkuu wa shule kuinama juu ya karabai. Usiku wa kijiji cha tatu, katikati ya onyesho, taa moja ilianza kufifia. Kijana akaogopa kwamba giza likiingia ataongezewa adhabu. Akafungua kifuniko cha mafuta taa ikiwa bado inawaka. Mafuta yakaruka, yakashika moto, moto ukashika mkono wake wa kushoto. Hakupiga kelele. Jambo moja alikuwa amelielewa bila kufundishwa, kwamba mtu wa nyuma hatakiwi kusikika. Alijizima kwa kanga iliyotolewa katika sanduku la maleba, akaisogeza taa ya pili kwa mkono wa kulia, na mchezo ukaendelea. Watazamaji walidhani nuru imepunguzwa makusudi, kwa kuwa ilikuwa sehemu ya msiba.

Nilimwona baada ya makofi. Zahanati tuliifikia alfajiri.

Mashindano tulishinda. Tulipewa ngao, na majina ya waigizaji tisa yakaandikwa kwa rangi nyeupe katika ubao wa ofisi. Katika taarifa yangu niliandika kwamba safari ilikwenda salama, isipokuwa ajali ndogo ya taa. Ajali ndogo! Vidole viwili vya kijana yule havikukunjika tena. Nimeandika taarifa nyingi katika maisha yangu, na maneno hayo mawili ndiyo ningependa zaidi kuyafuta.

Sasa naziona hoja za wapinzani wangu zikija, nami nitazipokea moja moja.

Hoja ya kwanza ni ya wasomi. Husema kwamba pazia, jukwaa na "nyuma" yake ni mambo yaliyoletwa na wakoloni. Kwamba sanaa yetu ya asili ni duara, wachezaji na watazamaji pamoja, wala haina mlango wa kujificha. Sehemu ya kwanza ya hoja hii ni kweli, nami sina shauku ya kulitetea pazia. Sehemu ya pili si kweli. Nenda katika ngoma yoyote ya huku kwetu usiku wa baridi, utazame pembeni ya duara. Pale pana moto, na kando ya moto pana mtu. Ngozi ya ngoma ikipigwa na umande hulegea, na ngoma iliyolegea haina sauti. Mtu yule huichukua, huipasha, huigonga kwa kidole, huisikiliza, huirudisha. Akiikaribisha mno motoni, ngozi hupasuka na shughuli imekwisha. Hachezi, haimbi, wala hapambwi. Lakini wazee walijua thamani yake, na hakuna aliyempeleka mtoto mtukutu kupasha ngoma ati kwa adhabu. Nyuma ya pazia ilikuwapo kabla ya pazia. Wakoloni walituletea kitambaa. Dharau tumeishona wenyewe.

Hoja ya pili ni ya wapenda usawa. Husema: hakuna haja ya watu maalumu wa nyuma, waigizaji wabebe, wafunge, wawashe, kila mtu afanye yote. Hoja hii naiheshimu. Mwaka 1965 wanafunzi wa Makerere walianzisha kikundi cha maonyesho cha kusafiri, wakazunguka Uganda na Kenya wakiigiza bila kiingilio, na kwa lugha kadhaa. Kijana wa chuo kikuu anayeshusha sanduku kutoka garini kwa mikono yake hujifunza adabu isiyofundishwa darasani. Lakini kusema "wote wafanye yote" bila kuwafundisha wote yote ni kusema kwamba hakuna anayejua chochote. Mwigizaji anayesubiri zamu yake ya kufa jukwaani hawezi wakati huo huo kuwa anaangalia utambi wa karabai. Figa moja haliinjiki chungu, lakini hata mafiga matatu hayainjiki kitu yakiwa yote upande mmoja.

Hoja ya tatu ndiyo ya kawaida kabisa: fedha hakuna. Hii siiheshimu. Machano ya mashuka yalimgharimu Babu wembe mmoja. Ndoo ya mchanga huko kwetu haina bei, mchanga tunaukanyaga. Debe lililokatwa ni debe bovu. Na kutaja jina la mtu mwisho wa onyesho kunagharimu pumzi moja. Penye fedha, je, mambo huwa tofauti? Tumeona miaka hii vikundi vikizungushwa vijijini kwa kampeni za malaria, za UKIMWI, za vyandarua na za uchaguzi, kwa magari, jenereta na vipaza sauti. Posho hulipwa. Lakini mara nyingi nilipouliza, niliambiwa kwamba mwigizaji ana posho yake na aliyepanda juu ya gari kufunga nyaya amepewa "ya soda". Haki haikungoja fedha ije. Fedha ilikuja, na haki haikuonekana.

Wasomaji wa rika langu wanavikumbuka vikundi vikubwa vilivyozunguka nchi, kama Muungano kilichoanzishwa mwaka 1980 na TOT iliyoanzishwa mwaka 1992. Katika jioni moja mtu alipata ngoma, sarakasi, taarabu na vichekesho. Waimbaji na wachekeshaji wake tunaweza kuwataja usingizini. Haya, msomaji, nitajie mtu mmoja tu aliyefunga nyaya zao, au aliyekesha juu ya lori akilinda vyombo mvua ikinyesha. Huwezi. Nami siwezi. Lakini tujiulize jioni ile ingekuwaje bila yeye: sarakasi gizani, na taarabu isiyosikika hadi safu ya tatu.

Wenzetu wa mbali wamelitazama jambo hili kwa macho mengine. Tunamsifu Shakespeare, na Mwalimu Nyerere alitufanyia hisani kubwa alipomtafsiri "Julius Caezar" mwaka 1963. Lakini je, tunafundisha jinsi jumba lake lilivyosimama? Kundi la Shakespeare lilipogombana na mwenye kiwanja, seremala Peter Street na wafanyakazi wake waliivunja nyumba ya maonyesho ya zamani mwishoni mwa mwaka 1598, na mbao zake zikavushwa ng'ambo ya mto Thames. Kwa mbao hizo likajengwa jumba la Globe mwaka 1599. Na mwaka 1613 jumba hilo hilo liliteketea kwa kosa la nyuma ya jukwaa: mzinga uliopigwa kutia shamrashamra katika mchezo juu ya Mfalme Henry wa Nane ulitia moto paa la nyasi. Inasimuliwa kwamba watu walisalimika, ila mmoja suruali yake ilishika moto ikazimwa kwa pombe. Basi seremala alilisimamisha jumba, na cheche moja ikaliangusha. Kati ya matukio hayo mawili yalichezwa mengi ya maneno tunayoyasifu.

Huko Japani, katika michezo ya Kabuki, wahudumu wa jukwaa huvaa nguo nyeusi mwili mzima, hata uso umefunikwa. Hupita mbele ya macho ya watu, wakaondoa kiti au wakampa mwigizaji upanga, na watazamaji wamekubaliana kutowaona. Mtu anaweza kudhani kwamba hiyo ni dharau kama yetu. Hapana. Kuvikwa vazi maalumu la kutoonekana ni kupewa cheo. Sisi hatuwavishi chochote, hatuwaoni tu.

Na tusiende mbali. Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamiriithu, karibu na Limuru nchini Kenya, walijenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi ili waigize mchezo ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mchezo ukapigwa marufuku mwaka huo huo. Mwaka 1982 wanakijiji walipotaka kuigiza tena, askari walikwenda wakaubomoa ukumbi mpaka chini. Hebu lifikirini hilo. Wenye nguvu walipotaka kuiua sanaa ile, hawakuishia kwa mtunzi na waigizaji, walizivunja mbao. Walijua jambo ambalo sisi walimu tumelisahau, kwamba maneno yanahitaji mahali pa kusimama, na mahali hapo pana watu waliopajenga.

Hata hapa nchini elimu hii si ngeni. Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo, kilichoanza mwaka 1981 na ambacho tangu mwaka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, kiliweka ufundi wa jukwaa kuwa somo pamoja na ngoma, muziki na maigizo. Chuo hicho nacho kilionja moto: ukumbi wake mkubwa wa makuti uliungua mwaka 2002, ukajengwa upya. Lakini Bagamoyo ni pwani, na chuo ni kimoja. Anayepeleka mchezo Mkalama, Ikungi au Itigi siyo mhitimu wa Bagamoyo. Ni mwalimu wa kawaida aliyetoka katika chuo cha ualimu, ambako alifundishwa, akibahatika, jinsi ya kumwelekeza mwanafunzi atoe sauti na asiwape watazamaji mgongo. Jinsi ya kulisimamisha jukwaa lisimwangukie mtoto, hakufundishwa. Tunampa watoto wa watu, taa, nyaya na jenereta, tunamwambia, nenda.

Kwa hiyo ninayotaka ni haya, na hakuna hata moja lisilowezekana.

Kwanza, vyuo vya ualimu vifundishe kazi za nyuma ya jukwaa kama vinavyofundisha kuandaa somo. Siku kumi zinatosha kuanzia: kufunga pazia penye upepo, kuweka taa na nyaya kwa usalama, kupanga maleba, kutunza orodha ya vifaa, kumnong'oneza aliyesahau. Mkufunzi akikosekana, aitwe seremala na fundi umeme wa mtaani. Hakuna aibu. Mimi nilifundishwa na seremala.

Pili, katika mashindano ya shule na vyuo pawe na alama za kazi hiyo, na zawadi yake. Waamuzi wapite nyuma ya jukwaa kabla hawajakaa kwenye viti vyao. Mtoto huheshimu kinachopewa alama, ndivyo tulivyomzoeza.

Tatu, kazi ya nyuma isitumike kamwe kuwa adhabu. Anayempeleka mtoto asiyefundishwa kwenye moto kwa sababu amechelewa shule, aseme wazi kwamba adhabu yake ni moto.

Nne, posho ikiwapo, igawiwe sawa. Na kiwanja tulichosimamisha jukwaa kihesabiwe kuwa mahali pa kazi. Nchi yetu imekuwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tangu mwaka 2003. Sioni kwa nini kijana aliye juu ya ngazi karakana alindwe, na aliye juu ya ngazi uwanjani aachiwe bahati yake.

Tano, watajwe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi na inamlinda mtendaji wa sanaa, nami nafurahi. Sidai kwamba mshika taa naye apewe hakimiliki ya nuru. Nadai kwamba mwisho wa onyesho waitwe mbele, wasimame na wenzao, jina kwa jina. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

Ataniambia mtu kwamba nimechelewa, kwamba siku hizi watu wanatazama filamu katika simu, na vikundi vya kuzunguka vimebaki vichache. Inawezekana. Lakini hata filamu ina mshika taa, na shule zetu bado zinapanda malori na mabasi kila mwaka kwenda kuigiza. Penye mtoto anayeigiza pana mtoto mwingine aliye gizani akimsaidia. Huyo wa pili ni mwanafunzi wetu pia, na mzazi wake alitukabidhi kwa imani ile ile.

Yule kijana wa karabai nilikutana naye miaka mingi baadaye, sokoni Singida. Amekuwa fundi umeme, ana mke na watoto. Aliniamkia, "Shikamoo, mwalimu," akanipa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa mfukoni. Tukaulizana habari za nyumbani na za mavuno. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, ile ngao bado ipo?" Nikamwambia ipo. Akasema, "Afadhali. Ilikuwa taa mbovu ile."

Taa haikuwa mbovu. Nilimwambia hivyo pale pale, tukiwa tumesimama kati ya magunia ya vitunguu, na nikamwomba radhi. Alitazama chini akasema, "Yamekwisha, mwalimu." Mimi sikuona kwamba yamekwisha.

Wiki iliyofuata nilikwenda shuleni nilikostaafu, nikamwomba mkuu wa shule wa sasa aniruhusu kuongeza jina moja katika ubao ule wa mwaka 1993. Ni mwalimu kijana, mwenye adabu. Alimwita fundi wa rangi, akachukua kalamu ili amwandikie maelezo. "Majina haya, mzee, kila moja lina nafasi aliyocheza," akasema. "Huyu alicheza kama nani?"

"Hakucheza," nikamjibu. "Alishika taa."

Akafikiri kidogo. "Sasa hapo tuandikeje?"

Nikamwambia aandike hivyo hivyo: jina lake kamili, na mbele yake neno moja, Taa. Sasa liko ubaoni, ni la kumi.